Vijiji vya Majabali na Watu Waliovihama



Siku hizi ukikaa Lisbon au Porto siku mbili tatu, hukosi mtu wa kukuuzia safari ya mashambani. Siku moja tu, anakwambia. Asubuhi unachukuliwa hotelini, mchana unakula chakula cha kienyeji, jioni unarudishwa, na hapo katikati umeshaona vijiji vitatu au vinne vya kale vya Ureno. Wapo wanaozibeza safari za namna hii. Wanasema kijiji hakijuliwi kwa saa moja na nusu. Sawa, hakijuliwi. Lakini mimi ufupi wa safari haunisumbui. Mgeni wa saa moja mwenye swali kichwani huondoka na mengi kuliko mgeni wa wiki nzima anayepiga picha milango. Basi leo nataka tuzungumze juu ya swali hilo, nalo ni jepesi kabisa: katika kijiji kizuri namna hii, wenyewe wako wapi?

Ureno ni nchi ndogo lakini vijiji vyake ni vya kila aina, kwa hiyo tuchague upande mmoja tu. Twende Beira Baixa, mashariki, karibu na mpaka wa Hispania. Kutoka Lisbon kuna treni inayopanda kwa kuufuata mto Tejo hadi Castelo Branco, safari ya takriban saa tatu, kisha inaendelea Fundão, penye sifa ya matunda ya cheri, na Covilhã, mji wa viwanda vya sufu. Ushauri wangu ni kwamba usinunue safari inayoanzia Lisbon asubuhi na kurudi Lisbon usiku, maana utaona barabara kuliko vijiji. Lala Castelo Branco au Fundão, kisha utafute mtembezaji wa huko huko, mtu ambaye akipita kijijini anasalimiwa kwa jina. Huyo wa Lisbon anajua tarehe za wafalme. Wa hapa anajua nyumba ile ni ya nani, na kwa nini imefungwa.

Serikali ya Ureno ilianzisha mpango wa Vijiji vya Kihistoria mwaka 1991, miaka mitano baada ya nchi kuingia Jumuiya ya Ulaya, na fedha za Ulaya zilichangia sana. Leo vijiji hivyo ni 12. Kuta zilijengwa upya, ngome zikaimarishwa, mapaa yakarudishiwa vigae. Matokeo yake utayapenda, hata mimi sina kinyongo nayo. Ila ujue tangu mwanzo kwamba unachokiona kimetengenezwa ili kionekane.

Karibu kila safari inapitia Monsanto. Hiki ni kijiji kilichokaa juu ya kilima cha graniti chenye kimo cha mita 758, katikati ya tambarare, kiasi kwamba unakiona ukiwa mbali sana. Ajabu ya Monsanto ni majabali. Kuna majabali makubwa kuliko nyumba, ya mviringo, yamelala juu ya mlima tangu kabla ya mwanadamu, na watu wa hapa hawakuhangaika kuyaondoa. Walijenga katikati yake, pembeni yake na chini yake. Ipo nyumba ambayo paa lake ni jabali moja tu, na wenyeji kwa mzaha huiita nyumba ya kigae kimoja. Yapo mazizi ya nguruwe yaliyojengwa kwa kufuata umbo la mwamba. Mbele za nyumba kuna mabaraza ya mawe, na ukibahatika utamkuta bibi mmoja amekaa, amevaa nguo nyeusi za ujane, anauza vikaragosi vya matambara.

Vikaragosi hivyo havina uso. Havina macho, mdomo wala masikio. Vimefungwa juu ya msalaba wa vijiti, vikavalishwa nguo za rangi kali, na huitwa marafona. Wanasimulia kwamba zamani kikaragosi hiki kiliwekwa chini ya kitanda cha maharusi usiku wa kwanza ili wapate watoto, na kwa kuwa hakioni wala hakisikii, siri za chumbani zilibaki salama. Wengine husema hukinga nyumba na radi. Nunua kimoja kwa bibi huyo, msikilizaji, lakini usimpige picha kabla ya kumwomba. Ni jambo dogo, na wageni wengi hulisahau.

Mwezi Mei wanawake wa kijiji huvichukua vikaragosi hivi katika sikukuu ya Misalaba, ambapo hupanda hadi kwenye ngome na kurusha kutoka juu ya ukuta vyungu vilivyojaa maua. Mtembezaji atakupa hadithi yake: adui aliizingira ngome muda mrefu, njaa ikaingia, wakabaki na ndama mmoja na ngano kidogo. Wakamlisha ndama ile ngano yote, akashiba, kisha wakamtupa chini ukutani. Adui alipomwona ndama mnono, tumbo limejaa nafaka, akasema watu hawa bado wana chakula cha kuchezea, akafunga virago. Hakuna anayeweza kuithibitisha, na adui mwenyewe hubadilika kutegemea anayesimulia. Mimi naipenda kwa sababu ni hadithi ya ujanja wa wenye njaa.

Katika sikukuu hiyo utasikia ngoma ya adufe. Ina umbo la mraba, imefunikwa ngozi pande zote mbili, ndani mna mbegu au vifuniko vya chupa vinavyotoa sauti ya mchakacho, na wapigaji ni wanawake. Msikilizaji wa Lamu au Unguja, aliyezoea madufu ya maulidi, atasimama kidogo hapo. Waarabu na Waberberi walivuka kuingia rasi ya Ureno na Hispania mwaka 711 na wakatawala sehemu zake kwa karne nyingi, na ngoma hii ni mojawapo ya walivyoviacha. Ya kwetu ya pwani ni ya mviringo na hupigwa na wanaume zaidi, lakini asili yao ni moja. Manispaa ya Idanha-a-Nova, ambayo Monsanto ni sehemu yake, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Miji ya Muziki mwaka 2015, na wanawake hawa wa adufe wana mchango mkubwa katika sifa hiyo.

Sasa inua macho uutazame mnara wa saa. Juu yake pana jogoo. Huyo ni mfano wa jogoo wa fedha ambaye Monsanto ilizawadiwa katika mashindano ya mwaka 1938, yaliyotafuta kijiji cha Kireno kuliko vyote. Hapo, msikilizaji, usikubali mtembezaji akimbie. Muulize mashindano yale yaliandaliwa na nani.

Yaliandaliwa na idara ya propaganda ya utawala wa Salazar, dikteta wa Ureno wa wakati ule, chini ya António Ferro. Salazar alitaka nchi ya wakulima watulivu, wanaosali, wanaofuma na kuimba, wasioguswa na mambo ya kigeni. Kijiji kilichokuwa hakijabadilika ndicho kilichopewa zawadi. Sasa fikiria: mwaka 1938 kijiji kisichobadilika maana yake nini? Maana yake watu wanachota maji kwa ndoo, wanalala chumba kimoja na mbuzi, na mtoto akipata homa kali anasubiriwa afe au apone. Katika miaka ya 1940 daktari mmoja kijana, Fernando Namora, alifanya kazi papo hapo Monsanto. Baadaye akawa mwandishi mashuhuri, na kitabu chake juu ya maisha ya daktari wa mashambani, kilichotoka mwaka 1949, kinasomwa hadi leo. Jogoo na daktari walikaa mlima mmoja. Watalii wengi huonyeshwa jogoo. Nyumba ambayo Namora alifanyia kazi ipo pia, ukiuliza utapelekwa.

Mashindano yenyewe hayakurudiwa tena. Monsanto ikabaki na taji lake peke yake, na leo wanakuja pia vijana walioiona katika tamthilia ya House of the Dragon. Wanapanda hadi kwenye ngome ya mashujaa wa Kikristo waitwao Watempla, wakitafuta joka. Waacheni, angalau wanapanda mlima.

Idanha-a-Velha iko jirani, chini kwenye tambarare, na wengi huipita kwa dakika chache. Ilikuwa mji wa Warumi, kisha makao ya askofu hadi mwaka 1199 yalipohamishiwa Guarda. Ilipatikana hapo kumbukumbu ya jiwe ya mwaka 16 kabla ya Kristo, ya mtu wa Mérida aliyewazawadia wenyeji saa ya jua. Leo ni mitaa michache, kinu kikubwa cha kukamulia zeituni chenye magogo mazima ya miti, na ukimya. Sortelha, kaskazini zaidi, ni duara la ukuta lenye nyumba ndani yake. Ni pazuri mno, ila ndani ya ukuta wakazi wa kudumu ni wachache kiasi kwamba unaweza kuzunguka kote ukamsalimia paka tu.

Na chakula? Utakula mwanakondoo au mwanambuzi, mkate mzito, zeituni, na jibini la Serra da Estrela. Jibini hilo ni la maziwa ya kondoo, na hugandishwa kwa ua la aina ya mbigili badala ya dawa ya tumbo la ndama. Likiwa tayari huwa laini ndani, unakata kifuniko chake juu na kulichota kwa kijiko. Kwa wasiokula nguruwe nasema: ulizeni kila sahani, hata supu, kwa sababu huko soseji huingia mahali usipoitarajia.

Baada ya chakula, rudi kwenye swali letu. Manispaa ya Idanha-a-Nova ina zaidi ya kilomita za mraba 1,400, na sensa ya mwaka 2011 ilikuta watu wasiofika 10,000. Walikwenda wapi?

Kwanza walikwenda Lisbon. Kisha, katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, walikwenda Ufaransa. Kati ya mwaka 1960 na 1974 Wareno zaidi ya milioni moja waliihama nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni tisa. Wengi hawakuwa na pasipoti, kwa sababu utawala haukutaka kuwaachia vijana. Waliondoka usiku, kwa miguu, wakivuka mpaka wa Hispania mikononi mwa wapitishaji, kisha wakapanda milima ya Pyrenees. Mpango wa malipo ulikuwa hivi: msafiri anachana picha yake vipande viwili. Kipande kimoja kinabaki kwa mke au mama kijijini, kingine anakwenda nacho. Akifika salama anakituma nyumbani. Vipande vikikutana, familia inamlipa mpitishaji sehemu ya fedha iliyobaki. Visipokutana, hakuna malipo.

Wengi walifikia vitongoji vya mabanda ya bati na mbao pembezoni mwa Paris, katika matope ya Champigny, wakajenga majumba ya wengine. Wanawake walifanya kazi za ndani na kulinda milango ya majengo. Fedha zilirudi kijijini, na ndiyo maana kando ya barabara, nje kidogo ya eneo la kihistoria, utaona nyumba kubwa za miaka ya 1970 na 1980 zenye vigae vya rangi na mapaa ya mtindo wa Kifaransa. Watembezaji wengi huzipita haraka, wengine huomba radhi kwamba zinaharibu mandhari. Mimi ningesimamisha gari hapo. Nyumba ile ya vigae ndiyo mwenyewe aliyoitaka, ameilipia kwa miaka ya zege na baridi. Ile ya mawe, ambayo sisi tumesafiri kuja kuitazama, aliikimbia.

Na si njaa peke yake iliyowatoa. Tangu mwaka 1961 Ureno ilikuwa vitani Angola, kisha Guinea-Bissau, na kuanzia Septemba 1964 Msumbiji. Kijana wa kijiji cha Beira Baixa akifikisha umri, aliitwa jeshini. Wengi walivuka kwenda Ufaransa ili wasipelekwe huko. Wengine walikwenda, na katika vijiji na miji midogo ya Ureno utakuta minara ya kuwakumbuka. Msikilizaji wa Mtwara, Newala au Songea, unajua upande wa pili wa vita hivyo: FRELIMO iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, wapiganaji waliofunzwa Kongwa na Nachingwea, wakimbizi wa Kimakonde wanaovuka Ruvuma na watoto mgongoni. Kijana yule wa mlimani na mkimbizi yule wa mtoni hawakujuana kamwe, lakini utawala uliokuwa ukiwasukuma ni mmoja, ule ule uliogawa jogoo wa fedha. Uliangushwa tarehe 25 Aprili 1974, na walioanza kuuangusha walikuwa maofisa wa jeshi waliochoshwa na vita vya Afrika.

Watu walipoondoka, mashamba ya ngazi milimani yaliachwa. Mbuzi wakapungua, na wao ndio waliokuwa wakila vichaka. Misonobari na mikaratusi ikajaa. Majira ya joto sasa moto hautaki ruhusa. Juni 2017, Pedrógão Grande, watu zaidi ya 60 walikufa, wengi wao wakiwa barabarani ndani ya magari yao. Agosti 2025 moto uliozuka upande wa Piódão, kijiji cha mawe meusi na milango ya buluu ambacho kimo katika kila kalenda ya utalii, uliteketeza makumi ya maelfu ya hekta. Kwa hiyo ukiwa safarini mwezi wa Julai au Agosti na mtembezaji akabadilisha njia ghafla kwa sababu ya tahadhari ya moto, usilalamikie ratiba.

Safari yetu imalizikie Belmonte, maana ndipo sisi watu wa pwani tuna lingine la kuuliza.

Belmonte inajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni Wayahudi wake. Mwishoni mwa mwaka 1496 mfalme Manuel aliamuru Wayahudi wabatizwe au waondoke, na mwaka uliofuata wengi wakabatizwa kwa nguvu. Tangu mwaka 1536 hadi 1821 mahakama ya kanisa iliyoitwa Inkwizisheni iliwasaka waliosali kwa siri. Belmonte walisali kwa siri hivyo hivyo, mama akimfundisha binti, bila kitabu, bila rabi. Mwaka 1917 akafika mhandisi wa migodi kutoka Poland, Samuel Schwarz, Myahudi. Mfanyabiashara mmoja akamwonya asinunue kwa mshindani wake kwa sababu eti ni Myahudi. Schwarz akawatafuta watu hao, nao wakamkana, hawakuamini kwamba kuna Wayahudi wengine duniani wasiojificha. Alipowasomea sala ya Kiebrania hawakuelewa kitu, mpaka alipotaja jina la Mungu, Adonai. Bibi mmoja alilitambua, na mlango ukafunguka. Sinagogi lao lilifunguliwa mwaka 1996. Ni jamii ndogo inayoishi pale, si maonyesho, kwa hiyo ukikuta pamefungwa siku ya Sabato usigonge.

La pili ni Pedro Álvares Cabral, aliyezaliwa hapa katika familia ya wakuu wa ngome. Sanamu yake ipo mjini, na jumba la makumbusho linasimulia jinsi alivyoiona Brazili Aprili 1500. Sasa mwulize mtembezaji wako: baada ya Brazili alikwenda wapi? Safari ile ilikuwa ya kwenda India. Dhoruba ikameza meli zake kadhaa, akaipita Rasi ya Tumaini Jema, na Julai mwaka huo huo akatia nanga Kilwa. Alimtaka Sultani Ibrahim waelewane juu ya biashara ya dhahabu ya Sofala. Hawakuelewana. Cabral akang'oa nanga, akaenda Malindi, ambako alipokewa vizuri na kupata marubani wa kumvusha hadi India. Miaka mitano baadaye wenzake walirudi Kilwa chini ya Francisco de Almeida, na safari hiyo hawakuja kuzungumza.

Zungumza na mtembezaji juu ya Kilwa. Nawaambia kwa uhakika, wengi wao hufurahi wanapokutana na mgeni anayeijua ile nusu ya hadithi iliyo upande wa pili wa bahari. Mweleze kwamba Kilwa Kisiwani nayo ni magofu ya mawe, imo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na wenyeji wake wapo, wanavua samaki.

Belmonte ina stesheni ya treni. Kipande cha reli kati ya Covilhã na Guarda kilifunguliwa tena mwaka 2021 baada ya kufungwa miaka 12, kwa hiyo si lazima urudi kwa gari. Vaa viatu bapa vyenye soli ya kushika, maana mawe ya Monsanto yamesuguliwa na karne za nyayo na mvua huyafanya kama sabuni. Aprili, Mei na Oktoba hali ya hewa ni nzuri. Agosti joto linaweza kufika nyuzi 40 na vyumba ni haba, lakini Agosti ndio mwezi wanaorudi waliohama: magari yenye namba za Ufaransa na Uswisi yamejaa vichochoroni, watoto wanaongea Kifaransa na bibi anawajibu Kireno, harusi na ubatizo wa mwaka mzima vimewekwa katika wiki nne, na muziki unapigwa uwanjani mpaka usiku wa manane. Picha hazitatoka safi, kwa sababu kila kona ina mtu. Mimi ningekwenda Agosti.